Mwongozo wa Kupunguza Mtikisiko wa Trela ya Gurudumu la Tano Iliyoegeshwa

Maswali ya watu wanaoanza kuishi katika trela ya gurudumu la tano hufanana sana, na mengi huulizwa asubuhi ya kwanza baada ya kuegesha: kwa nini nyumba nzima huyumba mtu mmoja akigeuka kitandani, kwa nini vikombe hugongana kabatini mashine ya kufulia ikizunguka, na kwa nini hali hiyo huendelea ilhali jeki zote zimeshushwa na kukazwa? Nchini Marekani na Kanada, ambako trela hizi ni nyingi, wapo pia wazungumzaji wa Kiswahili wanaozifanya makazi, kama vile wauguzi wa mikataba ya muda, ambayo mara nyingi huwa ya wiki 13, na mafundi wanaohama kufuata miradi ya ujenzi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, ambaye ataegesha trela mahali pamoja kwa wiki au miezi na anataka kuishi ndani yake kwa utulivu.

Trela inayozungumziwa hapa ni ile ambayo pua yake hupanda juu ya bodi la pikapu na kufungwa kwa kingpini, yaani pini nene ya chuma iliyo chini ya pua hiyo, kama trela ya mizigo inavyofungwa kwenye kichwa cha lori. Ikishaachanishwa na pikapu, husimama juu ya miguu miwili ya mbele na matairi yake, huku jeki mbili za kutuliza zikishushwa upande wa nyuma.

Shika jambo moja tangu mwanzo: jeki za kutuliza hazikuundwa kunyanyua trela. Uzito hubebwa na matairi na miguu ya mbele, na kazi ya jeki za kutuliza ni kuzuia mwili wa trela usicheze juu ya springi. Anayeanza hudhani kwamba mtikisiko humalizwa kwa kukaza jeki zaidi, naye huishia kupinda chasisi na kufanya milango isifungike. Kinachosaidia kweli ni kufupisha miguu, kuisimamisha juu ya kitu kigumu, na kuziba kila mwelekeo ambao trela inaweza kusogea.

Tambua kwanza mtikisiko wako

Trela husogea kwa njia tatu. Husogea mbele na nyuma, kwa sababu matairi hujizungusha kidogo hata yakiwa na kabari na kwa sababu miguu ya mbele hucheza ndani ya bomba zake. Huyumba kushoto na kulia, kwa sababu springi za upande mmoja hubonyea wakati za upande wa pili zinafunguka. Tena hudunda juu na chini, hasa mtu anapopanda ngazi. Kila njia ina kifaa chake, na kifaa cha njia moja hakisaidii sana njia nyingine. Mwombe mwenzako atembee ndani kwa hatua za kawaida, kwanza kutoka jikoni hadi chumbani, kisha ukuta hadi ukuta, nawe usimame nje ukitazama matairi, miguu ya mbele na jeki za nyuma. Usinunue kifaa chochote kabla ya kufanya jaribio hilo, kwa kuwa dakika chache za kutazama zinaweza kukuokolea fedha nyingi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pima maji, angalau moja yenye urefu wa sentimita 60.
- Vipande vya mbao nene au plastiki ngumu vya kusawazishia, vya kutosha matairi ya upande mmoja na kila mguu.
- Kabari nne imara za mpira au za plastiki nzito.
- Kabari mbili za kubana katikati ya matairi, ambazo hutanuka kwa skrubu na kuyasukuma matairi mawili ya upande mmoja yasizunguke.
- Mpini wa kuzungushia jeki. Ukitumia drili ya betri, tafuta soketi inayolingana na nati ya jeki, mara nyingi ya inchi 3/4.
- Stendi ya miguu mitatu ya kuweka chini ya kingpini.
- Glavu, tochi, na kitabu cha mtengenezaji wa trela yako. Maelekezo ya kitabu hicho yakitofautiana na ya hapa, fuata kitabu.

Vyuma vya mshazari vya kukaza miguu, vinavyoelezwa katika hatua ya 8, ni vya mtu anayekaa muda mrefu. Anayeegesha kwa usiku mmoja au miwili havihitaji.

Usitumie matofali ya saruji yenye matundu chini ya mguu wowote. Tofali la aina hiyo huweza kupasuka ghafla likibebeshwa uzito pahali padogo, na mguu ukashuka kwa kishindo.

Hatua za kazi

1. Chagua ardhi na mwelekeo. Zege au changarawe iliyoshindiliwa vizuri ni bora kuliko nyasi, na nyasi kavu ni bora kuliko udongo uliotifuliwa. Kama sehemu uliyopangiwa inaruhusu na unajua upepo mkali hutoka wapi, elekeza pua ya trela huko. Ubavu mrefu unaopigwa na upepo wa nyanda za Kansas au Wyoming hutikisika hata uwe na vifaa vyote vilivyotajwa hapa.

2. Sawazisha kushoto na kulia kabla ya kuachanisha pikapu. Weka pima maji sakafuni karibu na ekseli, ulale kukata upana wa trela. Upande ulio chini uwekee mbao mbele ya matairi, kisha pandisha trela juu yake taratibu. Matairi yote ya upande huo yapande, na kila tairi likae lote juu ya ubao bila kuning'inia pembeni, kwa sababu tairi lililokaa nusu huumia kwa ndani. Usawa wa upande huu hupatikana kwa matairi peke yake. Ukiuacha ukitumaini kuurekebisha kwa jeki za nyuma, utakuwa umeanza kuipinda chasisi.

3. Weka kabari pande zote mbili. Kila upande uwe na kabari mbele na nyuma ya tairi, nazo uzipige kwa mguu mpaka zikae sawasawa. Hatua hii ndiyo ya hatari kuliko zote ikirukwa, kwa sababu pikapu ikishaondoka, hakuna kitu kingine kitakachoizuia trela kuteleza kwenye mteremko na kuanguka kutoka kwenye miguu yake.

4. Tayarisha miguu ya mbele. Hapa ndipo utulivu wa trela nzima hujengwa, na hapa ndipo watu wengi hufanya haraka. Kingpini kwa kawaida hubeba asilimia 15 hadi 25 ya uzito wote, kwa hiyo trela ya pauni 12,000, yaani takriban kilo 5,440, inaweza kuweka zaidi ya tani moja juu ya miguu hiyo miwili. Mguu mwembamba uliotoka sana nje ya bomba lake huyumba, kama vile kiti kirefu cha baa kinavyoyumba kuliko kigoda. Panga basi mbao pana chini ya kila mguu, za chini zikiwa kubwa kuliko za juu, kisha teremsha sehemu ya ndani ya mguu inayoshikwa kwa pini mpaka ikaribie ubao. Mota inayoshusha miguu hiyo ibakiwe na sentimita chache tu za kusukuma. Pini za miguu yote miwili ziingie mpaka mwisho, na matundu yachaguliwe ili miguu yote iguse mbao karibu kwa wakati mmoja, kwa kuwa katika trela nyingi mota moja huiendesha yote miwili kwa pamoja.

Kama ardhi ni laini, tandaza kwanza kipande cha plaiwudi nene au ubao mpana ndipo upange vipande vingine juu yake. Uzito ukitawanywa mahali papana, mguu hauzami.

5. Achanisha pikapu. Shusha miguu ya mbele mpaka uone uzito umeondoka kwenye kiungio, yaani kifaa cha pikapu kinachoishika kingpini, lakini usinyanyue pua zaidi ya hapo. Chomoa waya wa umeme na waya wa breki ya dharura, fungua mlango wa nyuma wa pikapu, kisha fungua kiungio. Sogeza pikapu mbele sentimita chache, simama, shuka uangalie: miguu imesimama wima, kabari hazijasogea, kingpini imeachia. Ukiridhika, ondoka.

Waya wa breki ya dharura usiusahau. Ukibaki umefungwa kwenye pikapu, utavutwa na kuwasha breki za trela, na betri itaisha huku wewe hujui sababu.

6. Sawazisha mbele na nyuma, kisha shusha jeki za nyuma. Usawa huu hupatikana kwa miguu ya mbele peke yake. Kuna mpangilio mmoja ninaoupendekeza kwa moyo wote kwa sababu haugharimu chochote. Teremsha pua ya trela kama sentimita 2 au 3 chini ya usawa, jambo ambalo huinua mkia kidogo. Nenda nyuma, weka mbao chini ya jeki za kutuliza, uzishushe mpaka ziguse mbao na kukaza kwa mkono. Rudi mbele, inua pua mpaka pima maji ioneshe usawa. Mkia unaposhuka huzikalia jeki za nyuma na kuzibana kwa uzito wa kiasi, bila wewe kulazimisha kwa nguvu ya mkono.

Usizidishe sentimita hizo. Ukiteremsha pua sana kabla ya kuweka jeki za nyuma, utakapoiinua tena jeki hizo zitabeba mzigo zisioumudu, na huo ndio ule ule mzigo wa kupinda chasisi tunaoukimbia. Vilevile, ukitumia drili ya betri, iache inapoanza kukaza na umalizie kwa mpini wa mkono. Drili ya kugonga huzidisha nguvu kabla mtumiaji hajatambua, na skrubu za jeki ya mkasi, yaani jeki ya kutuliza inayofunguka na kujikunja kama mkasi, hulika upesi.

7. Bana matairi. Sasa trela haitaguswa tena na mota ya mbele, kwa hiyo ndio wakati wa kuweka kabari za kubana katikati ya matairi. Ukiziweka mapema, zitalegea au kulazimishwa wakati pua inapandishwa. Pima nafasi iliyopo baina ya matairi kabla ya kununua, kwa sababu trela hutofautiana. Kaza mpaka kabari isisogee kwa mkono, kisha ongeza kidogo tu. Mtikisiko wa mbele na nyuma hupungua sana kwa hatua hii moja, na mtu mwenye fedha ya kifaa kimoja tu namshauri aanze na hiki.

Kabari hizi zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Shinikizo la hewa ndani ya tairi hubadilika kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi joto 10 za Fahrenheit, yaani takriban nyuzi 5.5 za Selsiasi. Kabari iliyokazwa adhuhuri ya jua kali huwa imelegea alfajiri ya baridi, na iliyokazwa kwa nguvu zote wakati wa baridi hubana tairi kupita kiasi jua likipanda. Ikaze asubuhi kwa nguvu ya wastani, kisha iangalie kila hali ya hewa inapobadilika.

8. Tegemeza pua na ukaze miguu kwa mshazari. Stendi ya miguu mitatu huwekwa chini ya kingpini, mbele ya miguu ya kawaida, na kazi yake ni kuzuia pua isichezecheze, jambo linalosikika zaidi kwa kuwa mara nyingi chumba cha kulala kiko huko. Tanua miguu yake kadiri minyororo yake inavyoruhusu, iweke sawa chini ya kingpini, uzungushe skrubu mpaka iguse na kukaza. Ikianza kuinua pua na kuacha miguu ya kawaida bila mzigo, umezidisha, irudishe.

Kwa anayekaa miezi, vyuma vya mshazari huleta utulivu kuliko stendi. Hivi ni bomba mbili zinazoingiliana, zinazofungwa upande mmoja karibu na sehemu ya chini ya mguu na upande mwingine kwenye chasisi, na kukazwa katikati kwa bolti yenye mpini. Vikiwekwa kwa kukata upana, huzuia kuyumba kushoto na kulia. Vikiwekwa kufuata urefu, huzuia kwenda mbele na nyuma. Chagua aina inayofungwa kwa vibanio au inayotumia matundu yaliyokwisha kuwapo, na usitoboe midomo, yaani kingo bapa, ya juu au ya chini ya chuma cha chasisi kabla ya kumuuliza mtengenezaji, kwa sababu midomo hiyo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

9. Sukuma vyumba vya kutokeza na ukague upya. Vyumba hivi, yaani sehemu za trela zinazotokezwa nje ya ukuta ili kuongeza nafasi, husukumwa nje trela ikiwa tayari imesawazishwa, la sivyo reli zake hujipinda. Vikishatoka, uzito wa trela huwa umehamia pembeni, kwa hiyo zunguka tena na ukaze kwa mkono jeki zilizolegea. Usisimamishe nguzo chini ya chumba cha kutokeza isipokuwa kitabu cha trela yako kinaruhusu. Chumba hicho kinashikwa na mwili wa trela, na mwili ukishuka kidogo kwa tairi kupoa ilhali nguzo haishuki, chumba husukumwa juu na mipira yake ya kuzuia mvua huharibika.

10. Shughulikia ngazi. Ngazi inayoning'inia kwenye mlango hufanya kila anayeingia aivute trela upande wake. Weka jeki ndogo ya ngazi chini ya kidato cha chini, uizungushe mpaka iguse. Ngazi za kisasa zenye miguu ya kukanyaga ardhi hazihitaji hilo, ila miguu yake irekebishwe ili yote iguse chini.

Kwa trela zenye jeki za haidroliki

Trela yenye jeki nne au sita za haidroliki hujisawazisha kwa kubonyeza kitufe, na wamiliki wake hushangaa kuona bado inatikisika. Sababu ni ile ile: bomba la haidroliki lililotoka mbali nalo huyumba. Rundika mbao chini ya kila jeki kabla ya kubonyeza kitufe, na usawa wa kushoto na kulia uukaribie kwanza kwa mbao chini ya matairi. Usikubali mfumo huo uinue matairi yote juu ya ardhi, kwa sababu breki na kabari hufanya kazi tairi likiwa chini, na trela iliyosimama kwa bomba peke yake inaweza kusukumwa kando. Hatua za 7, 9 na 10 zinakuhusu wewe pia.

Ikiwa bado kuna tatizo

*Inasogea mbele na nyuma ingawa matairi yamebanwa.* Tazama miguu ya mbele mtu akitembea ndani. Kama bomba la ndani linacheza ndani ya la nje, mguu umetoka mrefu mno au pini yake haijakaa. Rudia hatua ya 4 kwa mbao zaidi. Kama miguu imetulia na matairi ndiyo yanayosogea, kabari zimelegea kwa baridi.

*Inayumba kushoto na kulia.* Angalia jeki za nyuma kwanza. Mara nyingi moja haijagusa sawasawa, au ubao wake umezama baada ya mvua. Zikiwa sawa zote mbili, jeki za mkasi zenyewe hazina uwezo wa kuzuia mwelekeo huo wote, na ni vyuma vya mshazari vitakavyosaidia.

*Sakafu inadunda mahali pamoja tu.* Kama mtikisiko unasikika katikati ya jiko lakini pima maji iliyowekwa kwenye chasisi haitikisiki, ni sakafu inayobonyea baina ya mihimili yake. Jeki haitibu jambo hilo. Kama pale panadunda zaidi kuliko zamani au ni pororo chini ya mguu, tafuta uvujaji wa maji mara moja, kwa sababu ubao uliooza huenea.

*Mlango wa kuingilia unakwama baada ya kukaza jeki.* Hii ni dalili ya mwili kupindwa. Legeza jeki za nyuma zote, uone mlango ukirudi, kisha uanze upya kutoka usawa wa matairi.

*Ilikuwa tulivu, sasa inatikisika baada ya wiki moja.* Ardhi imeshuka. Pima usawa upya, hasa baada ya mvua kubwa au theluji kuyeyuka, na urekebishe kwa mpangilio ule ule: mbele kwanza, nyuma baadaye, kabari za matairi mwisho. Legeza kabari hizo na vyuma vya mshazari kabla ya kugusa mota ya mbele.

*Upepo mkali unakuja.* Kunja turubai ya kivuli kabla ya yote. Upepo ukizidi, rudisha ndani vyumba vya kutokeza vya upande unaopigwa, kwa kuwa hupunguza eneo linalosukumwa.

Unapoondoka

Fungua kwa mpangilio wa kinyume. Rudisha vyumba vya kutokeza, legeza bolti zote za vyuma vya mshazari, toa stendi ya kingpini, toa kabari za katikati ya matairi, pandisha jeki za nyuma. Kabari nne za kawaida zibaki mahali pake mpaka pikapu imefungwa na imejaribiwa kwa kuvuta kidogo mbele huku breki za trela zikishika. Bolti ya chuma cha mshazari ikisahauliwa ikiwa imekazwa, mota ya miguu ya mbele itavuta dhidi yake na kupinda chuma au kuunguza mota, kwa hiyo fungia kipande cha kitambaa chekundu kwenye swichi ya mota siku unapovikaza, na usikiondoe mpaka umelegeza bolti ya mwisho.